Kijana wa Lanet Hakuwepo

Wangari wangu,

Kukuuliza kama u mzima ni kupoteza wino, maana nakusikia hapo nje ukimgombeza ng'ombe kwa kukukanyaga mguu. Ni saa kumi na moja jioni. Baba yako amepeleka maziwa, na mimi nimejifungia chumbani na daftari lako la zamani la hesabu nikisingizia kuumwa na kichwa. Kichwa hakiumi. Kesho saa tatu asubuhi gari la masista litakuwa langoni, na kuna neno ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo tangu mwezi wa kumi na moja. Nimejaribu mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa juzi tukichambua njegere, ukaniuliza, "Mum, mbona unaniangalia hivyo?" nikakuambia una uchafu shavuni.

Sitakuandikia habari za sweta, sabuni wala kusali kabla ya kulala. Hayo shangazi zako na akina mama wa jumuiya walikwisha kukuambia jana, kila mmoja kwa zamu yake, mukimo ukipoa mezani. Kuna mmoja alikufundisha hata namna ya kukunja soksi. Mimi nataka kukuambia nililokufanyia.

Nitaanzia mbali kidogo, nivumilie. Unaijua desturi yetu ya majina lakini hujui ilivyonikaa. Msichana wa kwanza huitwa kwa mama ya baba yake, wa pili kwa mama ya mama yake. Ndiyo maana wewe ni Wangari, na ndiyo maana baba yako, mzee mzima mwenye mvi, hukuita "mami" na hawezi kukunyima kitu. Kwake yeye mama yake alirudi siku uliyozaliwa. Mimi nilikuwa ningoje msichana wa pili, nimpe mama yangu naye.

Ulizaliwa Nakuru baada ya siku mbili za uchungu, na kabla sijakushika daktari alikuwa amenitoa kizazi ili nisife. Mama yangu alishuka kutoka Dundori na themosi ya uji. Akakufunua blanketi, akakuangalia vizuri, akasema, "Huyu ni wao. Wangu atakuja." Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya kizazi. Nikamjibu, "Ndio, mama." Akaishi miaka tisa mingine akingoja, na kila alipokuja kututembelea alinitazama tumbo kwanza kabla ya kunisalimu. Sikuwahi kumwambia. Alikufa akidhani mimi ndiye niliyekataa kumzaa.

Basi nikahamishia matumaini kwako. Ukiwa bado hujaota meno nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu: msichana wako wa kwanza ni wa kina bwanako, wa pili ni mimi. Wavulana wapite hata kumi, sina neno nao. Siku moja ungesimama mlangoni na kuita "Nyambura, njoo ukule," na mtoto mweusi mwenye magoti machafu angekuja mbio. Tangu uzaliwe hakuna anayeniita Nyambura. Mimi ni Mama Wangari dukani, kanisani na kwa daktari wa ng'ombe. Sikulalamika, maana nilijua jina langu limewekwa akiba.

Kisha kukaja Sista Skolastika.

Wewe unamkumbuka tangu ukiwa na miaka saba, lakini mimi nilimjua kabla yako. Kila tulipovuna viazi alipanda huku juu na pikapu ya misheni, amevaa gambuti chini ya kanzu yake ya kitawa, akipita shamba kwa shamba. "Mama, mko na waru kidogo za wazee wangu?" Wazee wake ni wale wa nyumba ile ya masista nje ya mji wa Nakuru, waliookotwa stendi, waliofukuzwa na watoto, wengine hawakumbuki wametoka wapi. Sote tulimpa. Nami nitakuambia tulichompa: tulimpa zilizokatwa na jembe. Zile nzuri zilingoja lori. Zilizokatwa tulizitia gunia lao, tukaweka nzima chache juu ili gunia lipendeze, na Sista akatushukuru mpaka tukaona tumeokoka.

Mwaka ule wa miaka yako saba nilikupeleka mjini kununua viatu, na mvua ikatufungia kule karibu na kwao. Tukaingia. Nikamkuta Sista uani, amekaa kwenye benchi na kisu na beseni, anakata mahali palipooza, kiazi baada ya kiazi. Gunia lilikuwa langu, nililijua kwa kamba niliyoshonea. Nilitaka ardhi ipasuke. Yeye akaniona, akasogea kwenye benchi, akanipa kisu kingine. Hakusema chochote kuhusu viazi. Aliniuliza kama barabara ya Dundori ina matope. Tulikata mpaka saa saba, mikono yangu ikafa ganzi, na sikuwahi tena kumpelekea zilizokatwa.

Lakini usinisifu. Nilianza kumpelekea nzuri, na nikahakikisha jumuiya nzima inajua. Nikitoa gunia, nilipitia njia ndefu ili nionekane nalo. Kuna bibi mmoja pale nilimpelekea shuka mpya akaitazama, akasema rangi haimfai. Nilikasirika wiki nzima. Nilimwambia Sista, "Hawa watu hawana shukrani." Akacheka, akasema, "Si wangekuwa na shukrani wangekuwa na watoto wa kuwatunza, Mama Wangari. Wengine hapa walikuwa watu wabaya kabisa. Nawaosha tu hivyo hivyo." Ukienda kule nenda ukijua hilo. Mimi lilinichukua miaka.

Siku ile ya mvua, wakati nakata viazi, wewe ulikuwa umekaa miguuni pa nyanya mmoja kipofu, akikuhesabu vidole, akifika kumi anaanza upya. Ulimwachia mkono saa nzima. Nyumbani ukajifunga leso yangu kichwani ukamlazimisha ndama kunywa uji kwa kijiko. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. "Tazama sista wetu," akasema. Mimi nilicheka pia. Ningejua, ningekuvua ile leso.

Hizo siku nazitamani, Wangari, nakwambia ukweli. Natamani ukungu wa asubuhi ukienda shule na mimi nikisikia tu viatu vyako bila kukuona. Natamani ulivyokuwa ukipasha viganja kwa ubavu wa ng'ombe. Natamani hata ule ukaidi wako wa kukataa kula kabichi na huku tumezilima ekari nzima. Nyumba yetu ilikuwa na kelele ya mtoto mmoja iliyotosha watoto sita, na mimi wakati huo nilikuwa naihesabu kelele ya wale ambao hawakuja. Hilo ndilo kosa langu kubwa la kwanza. Ulikuwa hapa mzima mzima nami nilikutazama kama njia ya kupita mtu mwingine.

Sasa nifike penyewe.

Ulipomaliza koleji na kutuambia unataka utawa, baba yako alikwenda kuangalia uzio ambao haukuwa na shida. Aliporudi alisema, "Mami akisema, amesema." Mimi nilisema sawa. Nilisema sawa kwa mdomo mzuri sana, nikachinja kuku wawili Sista Skolastika alipokuja kutuona nyumbani kabla hujapokelewa. Alikula, akasali nasi, akakuuliza maswali yake. Kisha akaniuliza mbele yenu, "Mama, moyo wako umemwachilia?" Nikajibu, "Kabisa, Sista."

Nikamsindikiza mpaka langoni, peke yetu. Na pale langoni, mkono wangu ukiwa kwenye mlango wa gari lake, nikamwambia hivi: "Sista, kuna kitu msichana hajawaambia. Alikuwa na kijana huko Lanet. Wameachana vibaya. Naona hii ya utawa ni hasira tu, anakimbia."

Hakukuwa na kijana wa Lanet. Nilimtunga nikitembea kutoka mlangoni hadi langoni, na hiyo ni hatua kama arobaini. Lanet nilichagua kwa sababu kuna kambi ya jeshi, nikaona kijana wa huko ataaminika.

Wiki mbili baadaye ikaja ile barua ya kukuambia ungoje, ufanye kazi kwanza, ujijue. Uliisoma hapo jikoni. Hukulia mbele yangu. Uliuliza tu, "Mum, nilijibu nini vibaya?" na ukarudia maswali ya Sista moja moja, na majibu yako, ukitafuta kosa. Nilikuwa nakoroga ugali. Nikakuambia, "Pengine Mungu ana mpango mwingine." Nilimtumia Mungu kama kifuniko cha sufuria. Mwanangu, katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha.

Ukapata kazi ya duka la dawa, na wapi, kama si Lanet. Nilipoambiwa nilidhani nimelaaniwa. Mwaka mmoja na nusu ukakaa kule, na kila Jumamosi mchana badala ya kuja nyumbani ukienda kwa wazee wa Sista kuwaosha. Nami sikulala. Unamkumbuka yule mwalimu mwenye pikipiki, aliyekuja Krismasi ya mwaka juzi "kuangalia mbegu za viazi"? Hakuwa na shamba. Nilimwita mimi. Nilimwekea kiti karibu na chako, nikatoka nje nikasimama nyuma ya dirisha kama mwizi, nikasikia ukimuuliza habari za sukari ya mama yake, na ikiwa anameza dawa kabla ya kula au baada. Mkaongea miguu ya mama yake saa nzima. Alipoondoka aliniambia, "Mathe, huyu ashachukuliwa." Nikamwambia abebe kabichi aende.

Halafu ukanialika mwezi wa kumi na moja, mwezi wa kuwaombea marehemu, nije kwenye misa ya kule kwa wazee. Nilikuja nikiwa na hila bado. Nilitaka nikuone umechoka, ili nikuambie rudi.

Baada ya misa Sista alitoa lile daftari lake jeusi. Nilikuwa nimelisikia tu, sikuwahi kuliona. Kila anayekufa pale bila mtu huandikwa jina humo, na mwezi huo majina yote husomwa kwa sauti, yote, hata kama inachukua muda na watoto wa kwaya wanasinzia. Alisoma kidogo, kikohozi kikamshika, akakupa wewe. Ukasimama. Ukasoma Otieno. Ukasoma Chebet. Ukasoma "mzee asiyejulikana jina, alipenda chai ya maziwa," na watu wakatabasamu. Kisha ukasoma Nyambura.

Ulisoma polepole kuliko mengine. Baadaye ukanieleza bila kujua unaniambia nini: kwamba alikuwa nyanya asiye na mtoto, alikufa Jumamosi kichwa chake kikiwa mapajani pako, na kwamba ulimwita kwa jina mpaka mwisho kwa sababu Sista amekufundisha kwamba masikio ya anayekufa ndiyo hufungika mwisho. "Nilikuwa namwita tu, Mum. Nyambura, Nyambura. Nilifikiria wewe."

Nilitoka nje nikalia karibu na matangi ya maji. Nililia kwa ajili ya mama yangu na themosi yake, na kwa ajili ya kila Jumamosi uliyopanda na kushuka ukijiuliza una dosari gani. Miaka ishirini na mitano nilikuwa naogopa kwamba hakuna atakayeliita jina langu, na huko ndiko ulikokuwa, unaliita, na mimi ndiye niliyekuwa nakuzuia.

Siku hiyo hiyo nikamtafuta Sista. Nilimkuta stoo, amekaa juu ya gunia, uso umelowa. Nikadhani kuna aliyekufa. Akasema, "Hakuna. Nimechoka. Leo nimechoka na wazee, na watu wa kuniletea nguo zilizoraruka, na hata Mungu nimechoka naye. Kaa hapo, itapita." Nikakaa. Ikapita, akajipangusa na kitambaa chake cha kichwa. Nakuambia jambo hili kwa sababu hakuna atakayekuambia. Umemwona Sista akicheka, akiwakata wazee kucha ngumu kama pembe, akibishana na wauza nyama wampe mifupa yenye mafuta. Hujamwona stoo. Nawe utakuwa na stoo yako. Siku hiyo ikifika usidhani umekosea njia, na usijifanye mtakatifu peke yako. Tafuta mtu wa kukaa naye kwenye gunia.

Nikamwambia yote. Kijana wa Lanet, lango, hatua arobaini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilijua, Mama Wangari."

"Ulijua vipi?"

"Nilikuuliza anaitwa nani, ukaniambia umesahau. Wewe uko na msichana mmoja. Mama wa msichana mmoja akisikia jina la kijana, atalisahau?"

Nilikasirika, afadhali nikuambie. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alikungojesha mwaka mmoja na nusu ukiteseka. Akanitazama na yale macho yake mekundu. "Sikuwa nangoja yeye. Yeye alikuwa tayari zamani. Nilikuwa nangoja wewe. Msichana akija kwetu na mama yake anamvuta nyuma, huyo anafanya kazi na mkono mmoja."

Nikamwomba akueleze yeye, wewe unamheshimu. Akakataa kabisa. "Mdomo uliotunga huyo kijana ndio umuue," akasema, na akainuka kwenda kupakua chakula.

Sasa umeona kwa nini nimekuwa nikikuangalia, hata baada ya barua ya kukupokea kufika. Miezi miwili nimembeba huyo kijana kila mahali. Ningeweza kunyamaza. Wewe ungeondoka kesho ukicheka, ungeniandikia barua nzuri, na baba yako asingejua kamwe. Lakini najua utakakoenda watakufundisha kujichunguza, na najua utarudi kwenye ile siku ya kuku wawili na kujitafutia kosa hata ukiwa na mvi. Hukujibu lolote vibaya, Wangari. Majibu yako yote yalikuwa mazuri. Mimi ndiye.

Sikuombi unisamehe kwa sababu ya utawa wako. Ukinisamehe kwa kuwa sasa ni kazi yako, nitajua, na itaniuma kuliko ukininunia. Siwezi pia kukuambia kwamba ile hamu imekwisha. Jumapili iliyopita kulikuwa na mtoto mbele yetu kanisani, magoti machafu, na nilimtazama mpaka mama yake akamvuta. Nadhani nitaenda kaburini nikiwa na hamu hiyo. Ni yangu, nitaibeba mwenyewe. Wewe hukuzaliwa uibebe.

Na kama unajiuliza kama nimekuachilia, nimekuachilia. Nilifanya hivyo pale kwenye matangi ya maji na sijabadilika tangu siku hiyo, ila kuna asubuhi najikuta nimeenda kuhakikisha sanduku lako bado liko.

Nilifikiria kuificha barua hii ndani ya lile sanduku, kati ya nguo, uikute ukiwa umefika. Shangazi yako angefanya hivyo, na watu husema ni vizuri. Kisha nikaona huo ni ujanja uleule wa langoni: kusema neno na kuliacha gari liondoke. Kwa hivyo nitakupa mkononi kesho saa kumi na mbili, kabla ya chai, na baba yako nitakuwa nimemtuma kwa ng'ombe. Gari ni saa tatu. Una masaa matatu ya kunikasirikia nikiwa karibu, mahali unapoweza kunifikia. Yatumie yote kama unayahitaji. Nitakuwa jikoni, na mlango sitaufunga.

Mama yako,
Nyambura